Kuvu Katika Damu ya Watoto Wachanga, na Mikono Yetu Wafanyakazi

(Maneno ya kamati yaliyosomwa mbele ya wanachama, Ukunda. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Wapo watakaouliza, chama cha wafanyakazi kina nini na maradhi ya watoto wachanga? Tumezoea kukutana hapa kusema mishahara, zamu za usiku, na wenzetu wanaoachishwa kazi Diani kila msimu wa wageni unapokwisha. Mambo ya damu na dawa, watasema, ni ya madaktari. Haya, ngojeni kwanza mlisikie jambo lenyewe, kisha mseme kama si letu.

Mtoto amezaliwa kabla ya siku zake. Ana kilo 1, au kilo 1 na robo. Apelekwa nasari, atiwa katika sanduku la joto, apewa hewa kwa mpira puani na maziwa kwa mpira unaoshuka tumboni. Siku za kwanza zapita salama na mama yake aanza kupata usingizi. Kisha, siku ya 8, au ya 12, au wiki ya 3, mtoto alegea. Maziwa hayashuki, tumbo lavimba, joto la mwili lapanda na kushuka, na mara kwa mara asahau kupumua mpaka muuguzi amguse unyayo. Apewa antibiotiki. Yabadilishwa ya pili, yabadilishwa ya tatu, na hali ni ile ile. Kwa wazee wetu hili lilikuwa dege, au nyuni, na mganga aliitwa. Katika wodi huandikwa kuwa ni sumu ya bakteria katika damu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini katika watoto hawa wamo ambao bakteria hana habari nao hata kidogo. Kilichowaingia ni kuvu, au fangasi kama tusemavyo siku hizi.

Kuvu hii mama zetu waijua kwa sura nyingine. Ule utando mweupe katika kinywa cha mtoto anyonyaye, unaopakwa dawa ya zambarau, ni kazi yake. Jina lake katika vitabu ni kandida. Hukaa katika matumbo yetu, kinywani, ukeni na juu ya ngozi, na mtu mwenye nguvu zake huishi nayo miaka 70 bila kuulizana habari. Katika mtoto wa kilo 1 mambo ni mengine. Ikiingia katika damu yake husafiri mpaka kwenye figo, moyo, macho na ubongo. Wengine hufa. Wengine hupona, nao hubaki na macho mabovu au akili inayochelewa, na wazazi hawajui ilitoka wapi.

Kwa nini mtoto huyu na si mwenzake aliyetimiza miezi 9? Kwanza, ngozi yake haijakomaa. Ni nyembamba kama utando wa kitunguu, na kinachopaswa kubaki nje hupenya. Pili, kinga ambayo mama humpa mwanawe kupitia kondo la nyuma hupita kwa wingi katika miezi ya mwisho, na huyu ametoka kabla ya kugawiwa fungu lake. Tatu ni dawa zenyewe. Antibiotiki kali huua bakteria wabaya na wazuri pamoja, na mkulima yeyote wa Shimba Hills atawaambia kuwa ukifyeka shamba lote ukaliacha tupu, kinachoota kwanza si mahindi. Kuvu haidhuriwi na antibiotiki. Hupata nafasi ikatanda.

Nne ni mipira. Hatuwezi kusema neno baya juu ya mipira ya plastiki, kwa kuwa bila hiyo mtoto huyu hawi hai siku ya 2. Lakini kila mpira uliopita katika ngozi ni mlango ulioachwa wazi. Ule wa kitovuni na ule unaokwenda katika mshipa mkubwa hukaa siku nyingi, na kuvu hupenda kujijengea utando juu ya plastiki, mahali ambapo dawa haiifikii vizuri. Tena ndani ya mpira hupita maji ya sukari, na kwa watoto wengine chakula cha mafuta kinachotiwa mshipani. Mwajua wenyewe kitu gani huota juu ya sukari na mafuta katika joto la pwani.

Sasa tufike pale linapokuwa jambo letu. Kuvu hii yatoka wapi? Nyingine mtoto huipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, hiyo haina lawama. Nyingine huletwa kwa mikono. Iko aina moja, kandida parapsilosisi, ambayo wataalamu wameijua kwa miaka mingi kuwa hukaa juu ya mikono ya wanaowahudumia wagonjwa. Mkono umemgusa mtoto wa kitanda cha 3, haukuoshwa, ukafungua mpira wa mtoto wa kitanda cha 4. Mkono umeshika mlango wa sanduku. Mkono umeandika katika kitabu, ukatengeneza saa, ukagawanya chupa moja ya dripu kwa watoto 5 kwa sababu chupa hazitoshi. Na hiyo mikono ni ya nani? Ni ya muuguzi, mfagiaji, dobi, fundi wa mashine, na mzazi aliyetoka kazini mbio akaingia bila kuonyeshwa bomba lilipo. Ni sisi.

Twasema haya bila kumnyooshea mfanyakazi kidole, kwani wapo wakubwa ambao wakisikia neno mikono hufurahi sana. Huandika onyo kwa muuguzi, na mambo yao yamekwisha. Basi tuwaulize wakubwa hao hesabu. Watafiti walipokaa katika nasari za Nairobi wakahesabu, waliona kuwa katika hospitali za serikali muuguzi mmoja alikuwa akitunza kiasi cha watoto 15. Tuseme kila mtoto aguswe mara 1 tu kwa saa, na kila mguso upate kuosha mikono kabla na baada, nusu dakika kila mara. Hizo ni dakika 15 za kila saa, robo ya zamu nzima, mtu amesimama penye bomba. Zilizobaki atoe dawa, apime maziwa, abadilishe dripu, aandike, ampokee mtoto mpya, na azungumze na mama anayelia. Muuguzi huyo akiruka kuosha mikono mara moja, aliyeamua ni yeye, au ni yule aliyepanga zamu ya mtu mmoja?

Habari ya kuosha mikono si mpya. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi ya madaktari kuliko katika wodi ya wakunga. Mwezi wa Aprili mwaka huo, kiasi cha akina mama 18 katika kila 100 walikufa katika wodi ile. Akaamuru kila aingiaye aoshe mikono kwa maji ya klorini. Kufika Juni waliokufa walikuwa kama 2 katika kila 100. Maradhi yale yalikuwa ya bakteria, hayakuwa ya kuvu, lakini njia ya kuingia ilikuwa ile ile. Wakubwa wenzake hawakupenda kuambiwa kuwa mikono yao ndiyo ilikuwa ikiua, na mwisho aliondoka katika kazi ile.

Turudi pwani yetu. Mwaka 2018 ulianza uchunguzi mkubwa wa watoto wachanga wenye maradhi ya damu katika hospitali 19 za nchi 11, na moja ya hospitali hizo ni ya hapa mwambao, Kilifi, ambako KEMRI na wenzao wameotesha damu za wagonjwa tangu mwaka 1998. Watoto zaidi ya 3,200 waliandikwa. Kuvu ilionekana katika damu ya watoto 127, katika hospitali 14 za nchi 8. Katika hao 127, watoto 28 walikufa kabla ya siku 28 kupita. Ndiyo kusema zaidi ya mmoja katika kila 5.

Yako mambo mawili katika hesabu hiyo ambayo twataka myashike. La kwanza ni uzito. Huko Ulaya na Marekani, mtoto anayeogopewa kuvu ni yule wa chini ya kilo 1, na kanuni zao za kinga zimeandikwa kwa ajili yake. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani walionyesha jambo zuri sana: katika watoto 50 wa chini ya kilo 1 waliopewa dawa ya flukonazoli kidogo kidogo kama kinga, hakuna hata mmoja aliyepata kuvu ya ndani ya mwili; katika wengine 50 ambao hawakupewa, walipata 10. Lakini katika wale 127 wa uchunguzi tuliousema, waliokuwa chini ya kilo 1 ni 34 tu. Waliobaki walikuwa watoto wakubwa kidogo, wa miezi 7 au 8, ambao katika nchi tajiri wangehesabiwa kuwa hawamo katika hatari hiyo. Kipimo cha kanzu ya mwingine hakitutoshi. Kwetu mtoto wa kilo 1 na nusu apata maradhi ya mtoto wa nusu kilo, na hatuoni sababu nyingine kubwa kuliko msongamano, upungufu wa watu na upungufu wa maji.

La pili ni dawa. Ile parapsilosisi, kuvu ya mikononi, ilipopimwa, 59 katika kila 100 haikuisikia flukonazoli, nayo ndiyo dawa ya bei nafuu ambayo hospitali nyingi zaweza kuiweka. Hapo yabaki amfoterisini B, dawa ya zamani ya miaka ya 1950. Yafanya kazi, lakini ni dawa ya kuheshimiwa. Hukaa katika baridi, huchanganywa na maji ya sukari tu, maana ikitiwa katika maji ya chumvi huganda. Huingizwa pole pole kwa saa kadhaa, nayo huweza kuumiza figo, kwa hiyo damu lazima ipimwe mara kwa mara. Na matibabu hayaishi mtoto anapochangamka. Madaktari huendelea kiasi cha wiki 2 baada ya damu kuwa safi, na ule mpira wa mshipani hutolewa kila inapowezekana, kwani kuitibu kuvu huku mpira wenye kuvu umebaki ndani ni kuchota maji kwa pakacha.

Iko aina nyingine iliyokuja juzi juzi, kandida aurisi. Iliandikwa mara ya kwanza mwaka 2009 huko Japani, kutoka katika sikio la mgonjwa mmoja, na jina hilo maana yake ni sikio. Msidhani iko mbali. Katika hospitali moja ya Nairobi, kati ya mwaka 2010 na 2016, wagonjwa 201 walikutwa na kandida katika damu, na 77 kati yao ilikuwa aurisi. Wengi wao walikuwa watu wazima. Lakini katika wale watoto wachanga 127, aurisi ilikuwamo kwa 18. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu za kuogopwa mwaka 2022, liliiweka katika daraja la juu kabisa. Sifa yake mbaya ni mbili: dawa nyingi haizisikii, na hukaa juu ya vitanda, meza, mizani na vipini vya milango wiki nyingi ikingojea mkono. Tena baadhi ya dawa za kusafishia zenye harufu nzuri, zinazouzwa kwa madebe, haziiui. Klorini huiua.

Hapa twataka kusema na wafagiaji na watu wa usafi, maana hawaambiwi. Uchafu huondolewa kwanza kwa sabuni na maji. Klorini juu ya uchafu ni kupoteza klorini. Ile ya chupa yenye nguvu ya 3.5 katika 100, kipimo 1 hutiwa katika vipimo 34 vya maji kwa kupangusia meza na vitanda. Palipomwagika damu ni kipimo 1 kwa vipimo 6. Huachwa juu ya kitu kama dakika 10. Huchanganywa upya kila siku, kwani jua na joto huila nguvu yake. Haichanganywi na dawa nyingine yoyote, hasa zile kali za kusafishia choo, maana hutoka hewa yenye sumu. Na sanduku la joto halisafishwi kwa klorini mtoto akiwa ndani. Mtoto ahamishwe, sanduku lipanguswe, lisuuzwe, likauke ndipo arudi. Kitambaa cha kitanda kimoja hakiendi kitanda cha pili. Haya si siri ya daktari. Wenzetu wanaotunza madimbwi ya kuogelea Diani wapima klorini kila asubuhi, na wajua ikizidi macho ya mgeni huwasha, ikipungua maji huota ukijani. Wapishi wetu hupimwa afya ili wapate cheti kabla ya kushika chakula cha mtalii. Twajua kazi ya usafi sisi watu wa mwambao. Mgeni alindwaye tumbo lake asiharishe si bora kuliko mtoto wetu wa nasari.

Lakini mfagiaji wa hospitali mara nyingi si mtu wa hospitali. Yu chini ya kampuni yenye kandarasi, leo yuko wodi ya wazazi, kesho getini. Hafundishwi, glavu anunua mwenyewe au avaa moja kutwa nzima, na kandarasi ikibadilishwa yeye aondoka na ujuzi wake wote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi senti. Kampuni yoyote inayokata glavu katika mshahara yavunja sheria hiyo, na mwanachama aliyekatwa alete karatasi ya mshahara wake kwa karani wa tawi.

Sasa habari ya mama. Kwa muda mrefu mama wa mtoto njiti amefanywa mgeni. Huingia kwa saa, humtazama mwanawe kupitia kioo, akatolewa. Elimu ya sasa yasema kinyume. Mwaka 2021 yalitangazwa majibu ya majaribio yaliyofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na kwa jirani zetu Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,200 wenye kilo 1 mpaka chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100. Waliowekwa kwanza katika sanduku wangoje kutulia, kama ilivyokuwa desturi, walikufa karibu 16. Maradhi ya damu pia yalipungua. Sababu moja inayofikiriwa ni nyepesi: mtoto alalaye kifuani mwa mama yake hupata vijidudu vya mama yake, ambavyo hupatana navyo, badala ya vile vya wodi vilivyozoea kila dawa. Na maziwa ya mama, hata kijiko kimoja, hulitengeneza tumbo lake. Ndiyo maana hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya akina mama mwaka 2019, ya kwanza nchini, kwa watoto ambao mama zao hawawezi kuwapa.

Basi tuwaulize, mama huyo atakaaje kifuani na mtoto ikiwa tajiri wake amwita kazini? Yuko mwenzetu mmoja, mtandikaji vitanda katika hoteli ambayo hatutaitaja. Alijifungua akiwa na miezi 7. Mtoto alikaa nasari wiki nyingi. Alipotoka, likizo ilikuwa imekwisha kuliwa karibu yote, naye akarudi kutandika vitanda vya watu na kifua chake kikivuja maziwa, mtoto akabaki kwa bibi yake na maziwa ya kopo. Katika wiki zile za nasari alikuwa akitoka Diani alfajiri kwa matatu, afike Msambweni, akamue, arudi. Siku alizochelewa alikatwa. Mtoto yu hai, alhamdulillahi. Wako wenziwe ambao hawakuwa na bahati hiyo, na mama zao walikatwa vile vile.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kama ilivyotungwa, yampa mama miezi 3 kwa mshahara kamili na baba wiki 2. Haikutenga zile wiki ambazo mtoto angekuwa bado tumboni. Mtoto wa miezi 7 akikaa hospitalini miezi 2, mama yake amebakiwa na mwezi 1 nyumbani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yamtaka mwajiri awe na mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa kazini. Katika hoteli ngapi za kutoka Tiwi mpaka Galu mmeona chumba hicho? Chumba cha kupumzikia mbwa wa wageni tumekiona.

Neno moja kwa wazazi wenyewe, kabla hatujafika kwenye madai. Ukiingia nasari vua pete, saa na bangili, pandisha mikono ya kanzu au buibui mpaka kiwiko, osha kwa sabuni, kausha, ndipo umguse mtoto. Kamba ya hirizi kifundoni mwa mkono wa mtoto hukaa na unyevu, na chini ya unyevu ngozi hulainika. Mwulizeni muuguzi kabla ya kuifunga. Mafuta ya nazi hatuyatukani, sote tumekandwa nayo, lakini katika nasari usimpake mtoto kitu chochote mpaka umeruhusiwa. Na muuguzi akisahau kuosha mikono mbele yako, mkumbushe kwa adabu. Hatakasirika aliye mwema, na asiye mwema na akasirike.

Tena mjue kuwa jibu la maabara si amri ya mwisho. Damu inayotolewa kwa mtoto mdogo ni matone, na hata katika maabara nzuri kipimo cha kuotesha damu huikosa kuvu ya ndani mara nyingi, yapata nusu. Ndiyo maana daktari mwangalifu huweza kuanza dawa ya kuvu kabla ya jibu, akitazama dalili. Palipo na maabara yenye chombo cha kuotesha damu kazi hiyo huwezekana. Pasipo na chombo, mtoto hutibiwa kwa kubahatisha, au husafirishwa. Na safari ya kutoka Lunga Lunga au Kinango kwenda Mombasa, na kivuko cha Likoni katikati au mzunguko wa Dongo Kundu, si safari ya mtoto wa kilo 1 mwenye mpira wa hewa. Yafaa maabara imfuate mtoto.

Basi kamati yenu imeamua kuyapeleka haya, kwa waajiri na kwa serikali ya kaunti. Kwanza, katika kila mapatano mapya ya hoteli na mashamba, liandikwe kuwa likizo ya mama aliyejifungua kabla ya wakati ihesabiwe tangu siku ambayo mtoto alitarajiwa, na siku za nasari zisikatwe mshahara. Baba naye apate siku, kwani kifua cha baba ni cha joto pia. Pili, wafagiaji wa nasari waajiriwe na hospitali yenyewe, wafundishwe, wasihamishwe kama viti. Tatu, idadi ya watoto kwa kila muuguzi iandikwe ubaoni mlangoni, kila zamu, mtu yeyote aione. Wauguzi wana chama chao nasi tuna chetu, lakini jambo hili tutalisema pamoja nao, tumekwisha kuwaandikia. Nne, maji. Maji ya Tiwi na Marere hupita katika mabomba kwenda kwenye madimbwi ya kuogelea, na yanapopungua twataka ijulikane wazi nani hufungiwa kwanza na nani wa mwisho.

Waajiri watatuambia tulete ushahidi, na hiyo ni haki yao. Kwa hiyo karani ana karatasi mezani pale mlangoni. Wanachama wa hospitali, na yeyote mwenye mtoto nasari, achukue moja. Andikeni tarehe, zamu, watoto walikuwa wangapi, wauguzi wangapi, maji yalitoka au hayakutoka, sabuni ilikuwapo au haikuwapo, klorini ilichanganywa na nani. Msiandike jina la mtoto, wala la mama, wala la mwenzenu wa kazi. Karatasi zirudi kwa karani kabla ya mwisho wa mwezi, nazo zitahesabiwa mbele ya mkutano, hapa hapa Ukunda, kabla hatujazipeleka kwa mtu yeyote.